Orodha, Namba au Macho: Umfuatilie Vipi Chipukizi wa Besiboli Kabla Hajafika Ligi Kuu

Mwaka 2005 kijana wa miaka 20, Brandon Wood, alipiga homurani 43, yaani mipira iliyovuka ukuta wa uwanja, katika Ligi ya California, moja ya ligi ndogo zinazolea vijana wa besiboli ya Marekani. Alikuwa shotistopu, nafasi ya walinzi wepesi ambao kwa kawaida hawategemewi kwa nguvu za gongo, kwa hiyo watu walipagawa. Kabla msimu wa 2006 haujaanza, jarida la Baseball America lilimweka wa tatu kati ya chipukizi wote wa mchezo huo. Mwaka 2010, katika ligi ileile, Paul Goldschmidt alipiga 35 na hakuna aliyepagawa. Alikuwa na miaka 22, anacheza besi ya kwanza, alichukuliwa raundi ya nane ya drafti, yaani zamu za klabu kuchagua vijana, na hakuwahi hata mara moja kuingia kwenye orodha ya 100 bora ya jarida hilo. Wood alimaliza maisha yake ya Ligi Kuu akiwa na wastani wa kupiga wa .186, yaani chini ya vipigo viwili salama kwa kila majaribio kumi. Goldschmidt alikuwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa, moja ya nusu mbili za Ligi Kuu, mwaka 2022.

Nilimsimulia kisa hiki binamu yangu wa Morogoro, ambaye Jumamosi zake zote huishia kwenye viwanja vya ndondo. Akaniuliza swali la haki: sasa mtu akitaka kumjua mchezaji wa besiboli kabla dunia haijamjua, aanzie wapi? Yeye kwenye soka ana njia moja tu. Anakwenda uwanjani, anakaa juu ya tofali, anaangalia. Anajivunia vijana aliowaona kabla Simba na Yanga hawajawaona, na wale aliowakosea hawataji kamwe.

Shabiki wa besiboli ya Marekani ana njia tatu: kufuata orodha za wataalamu, kusoma namba, au kuangalia kwa macho yake mwenyewe. Naishi Indianapolis, mwendo mfupi kutoka Victory Field, uwanja wa timu ya ligi ndogo ya mji huu, na nimezijaribu zote tatu kwa miaka zaidi ya kumi. Sitakwambia uzitumie zote kwa usawa. Huo ni ushauri wa kumfurahisha kila mtu, na mwenye kazi na watoto hawezi kuutimiza. Chagua moja iwe mguu wa kusimamia, nyingine ziwe mkongojo.

Kwanza, ukubwa wa shamba lenyewe

Ligi ndogo za besiboli hazifanani na daraja la kwanza la soka. Timu haipandi wala haishuki, anayepanda na kushuka ni mchezaji. Kila moja ya klabu 30 za Ligi Kuu ina timu nne za msimu mzima chini yake: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, kutoka chini kwenda juu. Jumla ni timu 120, mfumo uliowekwa mwaka 2021 baada ya timu takriban 40 kukatwa. Chini ya hizo kuna ligi za kambi huko Arizona na Florida, na chini zaidi kuna ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako wavulana wa miaka 17 huanzia.

Klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 165 wa ligi ndogo ndani ya Marekani. Zidisha kwa klabu 30, unakaribia 5,000. Ligi Kuu, kwa muda mwingi wa msimu, ina nafasi 780. Ukijumlisha na wale wa Dominika unaona kwa nini hakuna mtu, hata mwenye kulipwa kwa kazi hiyo, anayeweza kuwafuatilia wote. Kila njia kati ya hizi tatu kwa kweli ni namna ya kuchagua nani usimwangalie.

Orodha

Orodha ndiyo mlango wa wengi, na si vibaya. Baseball America imekuwa ikitoa 100 bora yake tangu 1990. MLB Pipeline, iliyo chini ya Ligi Kuu yenyewe, hutoa 100 bora na pia 30 bora wa kila klabu, bila malipo. FanGraphs hutoa maelezo marefu yenye alama ya thamani ya baadaye ya kila kijana. Baseball Prospectus wao hutaja 101, labda kwa sababu mtu fulani hakutaka kumwacha mmoja nje.

Lugha ya orodha hizi ni kipimo cha 20 hadi 80, kilichorithiwa kutoka kwa maskauti, yaani wasaka vipaji, wa zamani. 50 ni mchezaji wa wastani wa Ligi Kuu, si wa ligi ndogo, na hapo wageni wengi hujikwaa. Kijana mwenye 50 kwenye kila kipaji si wa kubeza, ni mtu atakayekula mshahara wa Ligi Kuu kwa miaka mingi. 60 ni mzuri kweli, 70 ni adimu, 80 ni ya kuhesabu kwa vidole. Mpigaji hupimwa kwa vipaji vitano: kugusa mpira, nguvu, mbio, mkono na ulinzi. Mrushaji hupewa alama kwa kila aina ya mpira anaorusha na nyingine kwa uwezo wa kuuweka anapotaka. Vladimir Guerrero Jr. alipopewa 80 ya kugusa mpira, mashabiki waliozoea kipimo hiki waliketi wima. Msimu wa 2018, akiwa na miaka 19, alipiga .381 katika madaraja aliyopita. Huyo alikuwa chipukizi ambaye orodha, namba na macho vilikubaliana juu yake, na kwa hiyo hatufundishi kitu.

Uzuri wa orodha ni kwamba ndani yake kuna vitu ambavyo wewe huwezi kuvipata: mazungumzo na maskauti wa klabu pinzani, taarifa za mazoezini, majeraha yanayonong'onwa. Mwandishi mzuri wa orodha amepiga simu ambazo wewe hutapiga.

Ubaya wake ni kwamba orodha ina kumbukumbu ndefu ya fedha. Kijana aliyesaini kwa mamilioni huingia orodhani siku ya kwanza na hutoka polepole, hata akipiga vibaya miaka miwili mfululizo. Aliyesaini kwa dola 15,000, kama Jose Altuve mwaka 2007, hana budi kubisha hodi mpaka mlango uvunjike. Altuve hakuwahi kuingia 100 bora ya Baseball America. Mwaka 2017 alikuwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Amerika, ile nusu nyingine ya Ligi Kuu.

Halafu kuna warushaji. Namba moja wa orodha ya Baseball America mwaka 1992 alikuwa Brien Taylor, aliyechukuliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 1991 na kulipwa dola milioni 1.55. Aliumia bega kwenye ugomvi mwishoni mwa 1993 na hakufika Ligi Kuu hata siku moja. Ugomvi ni bahati mbaya, lakini viwiko na mabega hukatika hata bila ugomvi. Ndiyo maana wakongwe wa fani hii husema hakuna kitu kinachoitwa chipukizi mrushaji. Ni utani, lakini mimi nikisoma orodha humshusha kila mrushaji ngazi moja kimyakimya. Sijawahi kujuta.

Nina lawama moja zaidi kwa orodha, nayo ni ya kibinafsi: inakufanya uwe na maoni ya mtu mwingine. Nimewahi kubishana na jirani yangu hadi saa tano usiku juu ya vijana wawili ambao, tulipokiri mwishowe, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaona wakicheza. Tulikuwa tunarushiana aya za watu wengine.

Namba

Hapa ndipo ningemweka mtu anayeishi mbali na viwanja, na hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu namba za ligi ndogo zinasomwa vibaya kuliko kitu kingine chochote kwenye mchezo huu.

Usianze na wastani wa kupiga. Usianze na homurani. Anza na umri. Mvulana wa miaka 19 anayepiga kawaida tu katika Double-A, ambako wengi wa wapinzani wake wana miaka 23 au 24, ananisisimua kuliko wa miaka 24 anayewachapa watoto wa Single-A. Klabu imempandisha kwa sababu imeona kitu, na yeye amekataa kuzama. Umri dhidi ya daraja: kama una nafasi ya kukumbuka jambo moja, kumbuka hilo.

Kisha angalia ni mara ngapi mpigaji anatolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha), na ni mara ngapi anapewa besi ya bure (mrushaji akikosea eneo mara nne). Namba hizi mbili hutulia mapema kuliko nyingine. Mipira inayotua salama uwanjani inategemea bahati, ubora wa nyasi na uvivu wa mlinzi wa upande wa kulia, lakini kushindwa kuugusa mpira hakuna wa kumlaumu. Ligi Kuu ya sasa hutoa wapigaji kwa straiki karibu mara 22 katika kila nafasi 100 za kupiga, na besi za bure karibu 8. Kijana anayezidi 30 kwa straiki akiwa bado Single-A ana safari, maana huko juu warushaji ni wabaya zaidi, yaani wazuri zaidi. Anayekaa chini ya 20 huku akipata besi za bure 10 au zaidi, mwandike kwenye daftari hata kama hakuna aliyemtaja.

Kwa mrushaji, toa besi za bure kwenye straiki tatu. Ukibaki na 20 au zaidi kwa kila wapigaji 100, una mtu wa maana mkononi. Mikimbio aliyoruhusu, yaani pointi za wapinzani, iache kwanza, maana nyuma yake kuna walinzi wa miaka 20 wanaojifunza kazi, na uwanja ambao pengine jana ulikuwa na tamasha la muziki.

La tatu ni mahali. Ligi ya California ya enzi za Wood na Goldschmidt ilikuwa pepo ya wapigaji: hewa kavu, upepo, viwanja vinavyosamehe. Ligi ya Pwani ya Pasifiki katika Triple-A ni vilevile mpaka leo. Albuquerque, mji wa timu moja ya ligi hiyo, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi, na huko juu mpira unaopigwa husafiri kama umetumwa dukani. Homurani 25 za Albuquerque si homurani 25 za Indianapolis. Mwaka 2019, Triple-A ilipoanza kutumia mpira uleule wa Ligi Kuu, idadi ya homurani iliruka kwa zaidi ya nusu ndani ya msimu mmoja. Wachezaji hawakuota misuli kwa usiku mmoja. Vivyo hivyo Triple-A ilipoleta mashine ya kuamua straiki, besi za bure ziliongezeka, na mtu aliyelinganisha namba za kijana na za mwaka uliotangulia alidhani amepata jicho jipya.

Siku hizi kuna raha nyingine. Tangu 2023 vipimo vya kamera za Triple-A viko wazi kwa umma: kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, mzunguko wa mpira wa mrushaji, pembe. Kipigo cha kilomita 153 kwa saa au zaidi huhesabiwa kuwa kipigo kizito. Nikimwona kijana mwenye wastani mbaya lakini vipigo vizito vingi, namsubiri. Nikimwona mwenye .330 na vipigo vya kitoto, namwonea huruma mapema. Kwa madaraja ya chini vipimo hivi haviko kwa kiwango hicho, kwa hiyo huko unabaki na umri, straiki na besi za bure, na hivyo vinatosha kwa asilimia kubwa.

Sasa rudi kwa Wood na Goldschmidt. Kwa umri na nafasi, Wood alikuwa mbele: miaka 20 dhidi ya 22, shotistopu dhidi ya besi ya kwanza, ambako usipopiga huna kazi. Goldschmidt mwaka ule wa 2010 alitolewa kwa straiki mara 161. Msomaji makini wa namba angemchagua Wood, na angekosea. Nalisema hili kwa sababu wapenzi wa namba wana tabia ya kusimulia ushindi wao tu, kama binamu yangu na ndondo zake.

Na kuna jambo ambalo namba haziwezi kuliona kabisa: siasa za klabu. Kris Bryant wa Chicago Cubs alianza msimu wa 2015 kwenye Triple-A na kuitwa Ligi Kuu tarehe 17 Aprili. Mwisho wa mwaka alikuwa na siku 171 za utumishi, moja pungufu ya 172 zinazohesabika kuwa mwaka mzima, na klabu ikabaki naye mwaka mmoja zaidi kabla hajawa huru. Kwenye jedwali inaonekana kijana alikuwa hajaiva. Kila mtu aliyekuwa na macho alijua ameiva.

Macho

Victory Field kuna kilima cha nyasi nyuma ya uwanja wa nje. Unatandika kanga, watoto wanaviringika, wewe unaangalia. Hapo ndipo nilipomwona Gift Ngoepe msimu wa 2016.

Ngoepe ni wa Afrika Kusini. Alisaini na Pittsburgh Pirates, klabu ambayo timu yake ya Triple-A ni hii ya Indianapolis, mwaka 2008 na kukaa ligi ndogo karibu miaka tisa. Siku ile alikimbilia mpira upande wake wa kulia, akaudaka akiwa ameshapita, akageuka hewani na kurusha kana kwamba mkono ulikuwa unajua njia bila yeye. Nilisimama. Mzee wa Kimarekani aliyekaa karibu alinitazama, akasema neno moja: "Kila siku." Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kuwa huyu ni mchezaji wa Ligi Kuu, na yeyote anayesema vinginevyo hana macho.

Namba zilikuwa zinasema vinginevyo kwa miaka kadhaa: straiki nyingi, mpira anaugusa kwa shida. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa, akawa Mwafrika wa kwanza kucheza Ligi Kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapata besi dhidi ya mrushaji Jon Lester. Nililia, sifichi. Msimu huo alicheza mechi 28 za Ligi Kuu, akapiga .222. Macho yangu yalikuwa sahihi kwamba glavu yake itamfikisha. Namba zilikuwa sahihi kwamba gongo halitamweka.

Ukichagua macho, basi uyafundishe. Jambo la kwanza ni kuacha kuufuata mpira. Mfuate mtu mmoja kwa awamu tatu nzima, hata mpira ukiwa mbali naye. Chukua simu, fungua saa ya kupimia: mpigaji wa mkono wa kulia akifika besi ya kwanza kwa sekunde 4.3 ana mbio za wastani, akifika kwa 4.0 ana miguu ya kuogofya. Mdakaji akirusha besi ya pili kwa sekunde 2.0 toka mpira ulipogusa glavu yake hadi ulipopokelewa, ni wa wastani. Akishuka 1.9, wakimbiaji wataacha kuiba besi. Kasi ya mrushaji utaisoma ubaoni. Wastani wa Ligi Kuu kwa mpira wa kasi unakaribia kilomita 151 kwa saa, kwa hiyo usishtuke na 150.

Kitu kinachoonekana kwa macho pekee ni mpigaji anafanya nini baada ya kudanganywa. Slaida, mpira unaopinda ghafla, imemshusha magoti mara ya kwanza. Mara ya pili anaiacha ipite? Au anaikata tena vilevile? Jedwali litaandika straiki zilezile tatu kwa wote wawili, lakini mmoja wao alikuwa anajifunza. Mtu aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wa mtaani akiangalia winga anavyobadilisha mguu baada ya kunyang'anywa mpira mara mbili anaijua hisia hii.

Tatizo la macho ni uchache. Mechi tatu ni nafasi 12 za kupiga. Maskauti wenyewe hukaa mfululizo mzima kabla ya kuandika, na mfululizo wa ligi ndogo siku hizi ni mechi sita dhidi ya timu moja, Jumanne hadi Jumapili, Jumatatu mapumziko. Tatizo la pili ni kwamba macho yana chuki zake. Altuve ana urefu wa takriban mita 1.68. Kwenye majaribio huko Maracay, Venezuela, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya kimo chake. Akarudi kesho yake. Wale waliomrudisha walikuwa watu wa macho, wenye uzoefu. Namba ndizo zilizomtetea baadaye: mwaka 2011, akiwa na miaka 21, alikuwa anapiga .389 katika High-A na Double-A wakati Houston ilipomwita.

Basi uchague ipi

Kama upo Dar, Mombasa, Bukavu au Muscat, ukweli wa kwanza ni saa. Mechi inayoanza saa moja na dakika tano jioni hapa kwetu ni saa nane na dakika tano usiku kwa Afrika Mashariki. Macho yako yatakuwa mekundu kabla ya Juni. Huyo simamia kwenye namba. Zinasomwa asubuhi na chai, dakika kumi, bure, na hazijali mtandao ukikatika. Ongeza mechi moja kwa wiki: Jumapili mechi nyingi za mashariki huanza mchana saa saba, ambayo kwako ni saa mbili usiku, saa ya mtu mzima kuwa mbele ya skrini bila kugombana na mtu nyumbani. Mechi nyingi za timu 120 huonyeshwa mtandaoni kwa malipo, ila ubora wa kamera hutofautiana sana, na kwenye viwanja vingine kamera imewekwa pembeni kiasi kwamba huwezi kujua mpira ulipinda au la. Usimhukumu mrushaji kwa kamera ya namna hiyo.

Kama unaishi Marekani karibu na uwanja, na Waswahili wengi tunaishi karibu nao bila kujua, maana Des Moines, Louisville na Columbus zote zina timu za Triple-A, ningekwambia macho, bila kusita. Tiketi ni nafuu ukilinganisha na Ligi Kuu, na unakaa mahali ambapo unasikia sauti ya gongo. Ila ujue kasoro ya Triple-A: wengi pale si chipukizi. Ni wanaume wa miaka 27 na 29 wanaosubiri mtu aumie. Wanacheza vizuri, wanawaumbua vijana, na ukiwa mgeni utawapenda wao. Double-A ndiyo darasa lenyewe, kwa maoni yangu. Kijana akiweza huko, nyingi ya kazi imekwisha.

Orodha ningempa nani? Mwenye dakika tano kwa mwezi. Na anayecheza ligi za kubuni za marafiki, kwa sababu wapinzani wake wanatumia orodha hizohizo na anahitaji kujua wanafikiri nini. Wengine isome mara moja mwezi wa pili kisha uifunge. Na ukiisoma, ruka kumi wa kwanza, hao hata mama mkwe wako atawajua. Soma wa 15 hadi 30 wa klabu moja uliyoichagua. Humo ndimo kuna wale ambao mwandishi mwenyewe hana uhakika nao, na maelezo yake huwa ya kweli zaidi.

Nimeshasema umri ndio kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Lakini kina tundu, na tundu hilo liko upande wetu. Jacob deGrom alikuwa shotistopu chuoni na alianza kurusha kwa dhati mwaka wake wa mwisho. Akachukuliwa raundi ya tisa mwaka 2010, akapasuliwa kiwiko, akafika Ligi Kuu 2014 akiwa na miaka 25, mzee kwa hesabu za chipukizi, bila kuwahi kuonekana kwenye 100 bora. Mwaka huohuo akawa Mchezaji Bora Mpya, kisha akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2018 na 2019. Umri wake ulisema amechelewa. Alichochelewa ni kuanza.

Sasa chukua vijana wa Uganda. Lugazi ilipeleka timu ya kwanza ya Afrika kwenye Mashindano ya Dunia ya watoto ya Little League mwaka 2012. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers iliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male, na baadaye Pirates ikamsajili mrushaji David Matoma. Dennis Kasumba, mdakaji aliyejulikana kwa video za mazoezi yake ya matairi, alicheza Frederick mwaka 2023 katika ligi ya kujitangaza kwa drafti. Ukiwapima baadhi yao kwa umri dhidi ya daraja utawafuta kwenye daftari siku hiyohiyo. Wenzao wa Dominika wamelelewa kwenye akademia tangu utotoni, wao wameanza kwenye viwanja vya kuhesabika nchi nzima. Namba zao ni chache mno, orodha haina mtu wa kuwalinganisha naye. Kwa kijana wa namna hiyo siangalii jedwali hata kidogo. Natafuta video yoyote iliyopo, naangalia mkono, naangalia kama mrusho wa Agosti unafanana na wa Mei.

Binamu yangu nimemwambia asimamie kwenye namba, kwa sababu ya saa. Alikubali kwa mdomo. Jumapili iliyofuata alitazama mechi ya High-A, na usiku nikapata ujumbe wake: "Kaka, yule wa besi ya pili hauangalii mpira. Anaangalia miguu ya mpigaji, anaondoka kabla gongo halijagusa." Dakika moja baadaye ukaja wa pili: "Ana miaka mingapi?"